Mizambarau ya Nahar Singh

Nahar Singh alikuwa na ekari tisa karibu na mto Yamuna, na katika ekari zote hizo hakuna mahali palipomkera kama pembe ya nyuma, ng'ambo ya mfereji, iliposimama mizambarau.

Mizambarau hiyo hakuipanda mtu. Zamani, enzi za babu yake, mto ulihama njia ukaacha bonde dogo la majimaji, na bondeni humo miti ikajiotea yenyewe: mizambarau mikubwa, miarobaini miwili mitatu, na vichaka vya miiba ambavyo hata mbuzi walivikwepa. Ilikuwa ekari moja na ushei. Kima walikaa humo kama wapangaji wasiojua kodi. Kila asubuhi walivuka mfereji, wakang'oa miwa ya Nahar Singh na kuitafuna wakimtazama usoni. Akiwafukuza walirudi mitini, wakamzomea kutoka juu.

Ekari zilizobaki zilikuwa za popla. Ni mti mweupe, mrefu, ulionyooka, na pande zile za Yamunanagar kila mwenye shamba anaupanda. Mwezi wa Januari, ukungu ukiwa bado mzito, unachimba shimo linalomfika mtu kiunoni, unasimamisha ndani yake fimbo tupu isiyo na jani. Katikati ya mistari unalima miwa, baadaye ngano, na kivuli kikizidi unapanda manjano. Mwaka wa saba unauangusha. Zamani popla zote zilikwenda kwenye viwanda vya plaiwudi. Kisha kikajengwa kiwanda kipya nje ya mji, ambacho kilisaga mti ukawa uji, uji ukawa nyuzi, na nyuzi zikafumwa kitambaa. Maganda yalichemshia mvuke. Hata yale maji meusi yaliyobaki yaligeuzwa gundi.

Aliyekileta kiwanda hicho kijijini alikuwa binti yake mwenyewe, Harnoor. Alisomea misitu chuoni, kiwanda kikamwajiri awaunganishe wakulima. Alizunguka na skuta yake vijiji vitatu, akinywa chai katika kila nyumba mpaka tumbo likamuuma, na mwisho wa mwaka alikuwa na familia sitini na moja katika kikundi kimoja.

Masharti hayakuwa mengi. Kila mtu agawe shamba lake vipande saba, akate kipande kimoja kwa mwaka, na apande tena Januari inayofuata, ili miti isikosekane shambani wala kiwandani. Asinyunyize dawa karibu na maji. Na pale palipobaki miti ya asili, pasiguswe. Wanunuzi wa kile kitambaa, watu wa mbali huko, walitaka kujua kila uzi umetoka kwenye mti gani, na kwamba hakuna msitu uliouawa kwa ajili yake. Kikundi kilipewa cheti kimoja. Akiharibu mmoja, wameharibu wote.

Siku ya kwanza Harnoor alipomletea mama yake mtandio uliofumwa kwa nyuzi hizo, Bachint Kaur aliushika, akaunusa, akauvuta pande zote mbili.

"Huu ni mti?" aliuliza.

"Ni mti, Mama. Labda ni ule wa kule kisimani."

"Ule uliomwangukia baba yako mguuni?"

"Basi umemlipa."

Hata Nahar Singh alicheka siku ile. Alimwonea fahari binti yake. Hilo lazima lisemwe, kwa sababu yaliyofuata huenda yakamfanya mtu afikiri vingine.

Tatizo lilikuwa mizambarau. Katika kijiji chao chote, kipande cha miti ya asili kilichosalia kilikuwa hicho kimoja tu. Wengine walikuwa navyo zamani, babu zao wakavifyeka, wakalima. Kwa hiyo sharti lile, ambalo kwenye karatasi lilikuwa la wote, lilimwangukia Nahar Singh peke yake.

"Babu zenu walikata mapema, ninyi mkasamehewa," alikuwa akisema. "Babu yangu alikuwa mvivu, mimi ndiye naadhibiwa."

Jirani yake, Dilbag Singh, ambaye mashamba yao yalipakana, hakuacha kumchokoza. Jioni moja ya Desemba walikaa uani kwa Dilbag wakiota moto wa mabua ya miwa.

"Kaka Nahar, kima wako hawajambo?"

"Wewe kunywa chai yako."

"Nauliza tu. Maana sisi tunafuga nyati tunapata maziwa. Wewe unafuga kima, unapata nini? Wanakusalimia angalau?"

Watu wakacheka. Mama yake Dilbag, bibi Ishar Kaur, aliyekuwa amejikunyata kwenye kitanda cha kamba na blanketi lake, akasema, "Mwache. Zambarau za pale ndizo zilizomlea baba yako mwaka wa njaa."

"Mama, mwaka wa njaa umepita. Sasa ni mwaka wa popla."

Nahar Singh alirudi nyumbani na maneno hayo yakimtekenya kifuani. Ekari moja na ushei. Ingetosha popla mia tatu.

Januari ilipoanza, Harnoor alitumwa kusini, Andhra, kwa mafunzo ya wiki nane. Siku ya nne baada ya kuondoka kwake, Nahar Singh alimwita mnunuzi wa magogo kutoka mji mwingine. Watu sita walikuja na misumeno ya petroli na trekta.

Bachint Kaur alitoka jikoni akiwa na unga mikononi, akasikiliza mngurumo ule wa ng'ambo ya mfereji.

"Umemwambia mtoto?"

"Akirudi nitamwambia."

"Mwambie leo. Simu si hiyo mfukoni?"

"Bachint, nakata miti napanda miti. Kosa liko wapi? Mahali penye mti patakuwa na mti. Akija ataiona imesimama, mizuri, yenye faida."

Ilichukua siku tatu. Mizambarau ilianguka kwa kishindo kilichotikisa vyombo jikoni. Kima walikimbilia mstari wa popla, wakapanda, wakakuta matawi membamba yasiyo na jani moja, wakateremka. Walikaa chini kwenye tuta la mfereji, mama na watoto, wakitazama. Hawakuzomea. Siku ya tatu hawakuwepo, na Nahar Singh hakujua walikokwenda. Yule mnunuzi aling'oa hata visiki, akavipeleka kuwa kuni kwenye tanuri la matofali. Bonde likasawazishwa. Wiki iliyofuata fimbo mia tatu za popla zilisimama pale kwa mistari, na Nahar Singh akapita katikati yake akijisikia mtu aliyemaliza kazi iliyomshinda babu yake.

Simu ililia siku moja mchana, wakila mkate wa mahindi na mboga ya haradali.

"Baba, shikamoo. Mnaendeleaje na baridi?"

"Marahaba. Tunaendelea. Huko vipi?"

"Huku joto, natembea na kandambili. Sikiliza, Baba, kuna tamko la mwaka natakiwa kulisaini na kulituma leo. La kikundi chote. Wengine nimeshawapigia. Kwetu kila kitu kiko vilevile? Mizambarau iko?"

Bachint Kaur aliacha kutafuna.

Nahar Singh alikuwa na muda wa kusema. Baadaye alikuja kuupima muda huo mara nyingi, na kila alipoupima aliukuta mrefu zaidi. Binti yake alikuwa akisubiri upande wa pili, pikipiki zikipita nyuma yake, mtu akicheka.

"Ipo," alisema.

"Haya, Baba. Nasaini basi. Mpe mama salamu."

Bachint Kaur aliondoa sahani zikiwa na chakula, zote mbili, bila kumwuliza kama ameshiba.

Wakaguzi hawakuwa na tarehe. Walikuja mapema Machi, siku mbili tu baada ya Harnoor kurudi, kabla hajapata nafasi ya kufika nyumbani kutoka mjini. Alikuja nao kwenye gari lao: mama mmoja wa makamo aitwaye Vaishali, aliyevaa viatu vya mpira na kushika ramani, na msaidizi wake. Harnoor alimsalimu baba yake kwa kuinama na kumgusa miguu, akamkonyeza kidogo, kama anayesema hili litakwisha haraka, kisha tutakunywa chai. Alitangulia njia. Alikuwa akimweleza yule mama habari za zambarau, jinsi Juni watoto wa kijiji wanavyorudi na ndimi za rangi ya urujuani, jinsi tausi wanavyotaga chini ya miiba.

Walivuka mfereji. Harnoor akasimama katikati ya sentensi.

Nahar Singh alikuwa nyuma yao hatua kumi. Hakuuona uso wa binti yake. Aliona mgongo tu, na ule mkono uliokuwa umenyooshwa kuonyesha kitu, ukishuka polepole mpaka ukafika ubavuni.

Bi Vaishali alitazama ramani, akatazama zile fimbo, akatazama ramani tena.

"Labda tumekosea njia," alisema kwa upole.

"Hapana," Harnoor alijibu. "Ni hapa."

Siku ya tatu yake kikundi kiliitwa ukumbini, jengo lililo ubavuni mwa gurdwara, hekalu la Masingasinga, mahali wanapokula pamoja siku za ibada. Watu walijaa, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Kiwanda kilimleta meneja wake wa malighafi, Bwana Tyagi, mtu mstaarabu ambaye hakupenda kugombana. Alisema cheti kimesimamishwa. Popla za vijiji vyote vitatu hazingepokelewa kiwandani mpaka wakaguzi waridhike, na hilo lingechukua mwaka, pengine miwili. Waliokuwa na kipande cha kukata msimu huo wangerudi kwenye plaiwudi, kupanga foleni na trekta zao getini kama zamani.

Makelele yalizuka. Bwana Tyagi aliinua mkono.

"Kukata miti ni jambo moja," alisema. "Lakini kuna tamko lililosainiwa Januari, linasema miti ipo. Nataka kujua. Aliyesaini alijua?"

Macho yalimwendea Harnoor, kisha yakamwendea Nahar Singh aliyekaa karibu na nguzo, miguu ameikunja, kilemba chake cha buluu kimefungwa vizuri kuliko siku zote. Ilikuwa zamu yake. Maneno yalikuwa machache na alikuwa nayo mdomoni: aliniuliza, nikamdanganya. Alitazama mkeka. Alifikiri juu ya Dilbag na wengine, juu ya kuwa mzee aliyemdanganya mtoto wake mwenyewe kwa simu huku akila. Akafikiri, ngoja kwanza, wapoe. Akafikiri, nitamwambia Bwana Tyagi pembeni.

"Karatasi niliisaini mimi," Harnoor alisema. "Sikuja kuangalia kwa macho yangu. Kosa ni langu."

Aliketi. Nahar Singh hakusema kitu, na mkutano ukaendelea na mambo mengine.

Kwa Bwana Tyagi hakwenda, wala pembeni wala popote. Wiki iliyofuata Harnoor aliambiwa na kiwanda kwamba mkataba wake hautaendelea. Kijijini walisema alijua, akamfichia baba yake. Wengine walisema zaidi, kwamba fedha za magogo waligawana. Wanawake waliokuwa wakimvuta mkono aingie wanywe chai sasa walikuwa na nguo za kuanua. Alikaa nyumbani mwezi mzima akimsaidia mama yake kuvuna haradali. Hakumfokea baba yake. Angemfokea, Nahar Singh angejua la kujibu. Alikuwa na majibu tele ya ugomvi. Binti alimwekea chai yake mezani kila asubuhi, akamwuliza habari za mguu wake, na jina la mizambarau halikutajwa.

Mwishoni mwa Aprili alipata kazi Andhra, kwa wakulima wa mivinje kule pwani, watu aliokutana nao kwenye mafunzo. Alipanda treni na sanduku moja.

"Mtoto ameondoka," Bachint Kaur alisema walipofika nyumbani kutoka stesheni. Alikuwa akivua viatu. "Nawe ulikuwa na mdomo."

Agosti ile viwavi walizivamia popla. Viwavi walikuwepo kila mwaka, ila mwaka huo walikula mpaka mashamba yakabaki matupu kama Januari, na ukisimama chini ya miti ulisikia mlio wao kama mvua ndogo. Bibi Ishar Kaur alisema ni kwa sababu ndege hawana tena pa kulala. Wengine walisema ni joto. Nahar Singh hakujua nani yuko sahihi, na hakuna aliyemwuliza.

Ulipita mwaka na nusu ndipo aliposema. Kikundi kiliitwa tena ukumbini, kwa sababu wakaguzi walikuwa tayari kurudi, na Bwana Tyagi alikuwa amekuja na afisa mpya, kijana mpole kutoka Saharanpur. Walipouliza kama kuna mwenye neno, Nahar Singh aliinuka. Magoti yalilia.

"Ile karatasi," alisema. "Binti yangu aliniuliza kabla hajasaini. Alinipigia simu. Nikamwambia miti ipo. Ilikuwa imeshaanguka. Yeye hakujua chochote."

Alikuwa amejiandaa kwa kelele. Hazikuja. Dilbag aliangalia kucha zake. Kisha bibi Ishar Kaur, kutoka upande wa wanawake, akasema kwa ile sauti yake nyembamba:

"Nahar, hilo tulilijua."

"Mlijua?"

"Mtoto tumemwona akikua. Hakuwahi kuiba hata tango. Tulijua siku ileile. Tulikuwa tukikungoja wewe."

"Na mbona hamkusema?"

"Tulikuwa na hasira, na yeye alikuwa karibu," bibi alisema. "Wewe ni mzee wetu, tungekufanya nini? Sisi nasi tulikosa. Lakini yule alikuwa wako."

Nje, Nahar Singh alimfuata Bwana Tyagi mpaka garini. Alimwomba amrudishe Harnoor. Bwana Tyagi alimsikiliza mpaka mwisho, mkono ukiwa juu ya mlango wa gari.

"Mzee wangu, ungeniambia siku ile, ningempigania. Angekuwa hapa leo. Sasa nafasi ina mtu, na mtu huyo hajakosa." Alitazama chini. "Nitamwandikia barua kueleza ukweli. Hiyo naweza."

Siku hiyohiyo alimpigia binti yake simu. Alimweleza yote, ukumbi, bibi Ishar, barua. Upande wa pili kulikuwa na upepo.

"Sawa, Baba," Harnoor alisema.

"Ningesema siku ile."

"Nilijua hutasema. Nilikuangalia, ukaangalia mkeka. Ndiyo maana niliwahi mimi, watu wasipate muda wa kukuona umenyamaza." Kisha akauliza, "Umekula?"

Cheti kilirudi masika yaliyofuata. Malori ya kiwanda yalianza tena kupita kijijini na magogo meupe, na maisha ya watu wengi yakarejea kama yalivyokuwa. Wakaguzi walitaka lile bonde lirudishwe. Nahar Singh aling'oa zile popla mia tatu mwenyewe, bila kibarua, zikiwa tayari zimemzidi kimo mara mbili. Juni alikwenda sokoni kununua zambarau kapu zima, akazila yeye na mkewe, akapanda mbegu.

Harnoor alikuja kuwaona Julai ya mwaka uliofuata, kwa siku nne. Alikuwa amekuwa mweusi kwa jua la pwani, na alizungumza kwa simu lugha ambayo wazazi wake hawakuielewa. Siku ya pili alivaa gambuti za mama yake, akavuka mfereji pamoja na baba yake. Miche ilikuwa imefika magotini, mingine kiunoni, majani yakiwaka kwa mvua. Harnoor alitazama kwa muda, kisha akaweka kiganja mdomoni.

"Nini?" Nahar Singh aliuliza.

"Baba. Umepanda kwa mistari."

Alitazama. Ilikuwa kweli. Mistari kumi na miwili, imenyooka kama kamba, nafasi sawasawa.

"Mkono ulizoea," alisema.

Harnoor alicheka, na kwa kitambo kidogo alikuwa yule wa skuta. Aliinama, akakanyaga matope, akamwonyesha. "Hapa ng'oa mmoja. Hapa acha wazi. Miiba ikija usiifyeke. Halafu usije tena."

"Nisije?"

"Uje kutazama. Usije na jembe."

"Itachukua muda gani?"

"Iwe kama ile?" Aliangalia bonde lote, kutoka mwisho mpaka mwisho. "Sisi hatutaiona, Baba."

Alisema *sisi*, wala si *wewe*, na Nahar Singh alishukuru kwa hilo.

Siku ya kuondoka alimpeleka mwenyewe stesheni. Treni ilikuwa imechelewa, wakakaa kwenye benchi moja kwa saa nzima, sanduku katikati yao. Nahar Singh alikuwa ameliandaa neno lake la kuomba radhi tangu siku ya kwanza. Alilirudia moyoni wakati akimnunulia maji, akalirudia wakati mama mmoja alipowaomba wasogee. Treni ilipoingia, watu walisukumana, Harnoor akamgusa miguu, akapanda, akatokea dirishani.

"Nuru," alimwita kwa jina la utotoni.

"Naam, Baba?"

"Ile mikate mama yako aliyofunga," alisema, "usiiache mpaka kesho. Kwa joto hili itachacha."

"Nitaila leo," binti alisema.

Treni iliondoka polepole, na Nahar Singh alitembea nayo sambamba mpaka pale jukwaa la stesheni lilipoishia.